Firigisi ya Nambari Arobaini na Moja

Harufu ya manyoya ya kuku yaliyomwagiwa maji ya moto hunikasirisha hadi leo. Katika miaka ya themanini, nyumbani kwetu Misikhu, nilimnyonyoa kuku aliyechinjwa kwa heshima ya kaka yangu Wekesa. Alikuwa amerudi likizoni kutoka shule ya bweni huko Kitale, iliyomchukua kwa ajili ya mguu wake wa kushoto wa kupigia mpira, na alikuwa ameleta ripoti. Baba hakujua kusoma.

"Umepata ngapi?"

"Arobaini na moja, Baba."

Baba alikuwa mkulima wa mahindi, na kwa mkulima, arobaini na moja ni mavuno. Alimkabidhi Wekesa firigisi, kipande ambacho kwetu huliwa na mwenye boma peke yake. Mimi, niliyezuiliwa nyumbani nilee wadogo wangu, niliambulia harufu. Baadaye Wekesa alinifuata jikoni akicheka. "Ati mavuno! Dada, hiyo ni nambari, na tuko arobaini na wawili. Nimempita mmoja tu, na huyo alikuwa na malaria." Nilicheka naye, na kicheko hicho sijakisamehe.

Baba alikosea kwa kutojua. Walimu walijua. Kila muhula waliandika alama zake mbovu kwa wino mwekundu, na Jumamosi wakamvalisha jezi. Alipovunjika goti katika mwaka wa mwisho, ndipo walipousoma wino wao wenyewe, wakamrudisha kwetu mikono mitupu. Leo kaka yangu anachechemea sokoni, akishona midomo ya magunia ya mahindi ya watu wengine. Mchezaji anayefeli na aondolewe uwanjani mapema, angali na magoti mawili mazima.

Wiki hii mjukuu wangu Nekesa, anayeniandikia maneno haya hapa mtaani Tuwan, Kitale, ametolewa katika timu ya hoki hadi alama zake za hisabati zipande. Mama yake anataka niende kumsihi mwalimu mkuu. Nekesa naye ananibembeleza: "Kukhu, si ni mechi moja tu!" Siendi. Nimemuuliza amepata ngapi, akajibu kumi na nane. Kisha nimemuuliza swali ambalo hakuna aliyeuliza siku ile ya kuku: kati ya ngapi?

Kalamu imesimama. Andika, mjukuu wangu. Kati ya mia moja.