Mdogo wangu anataka nidanganye mahakamani kuhusu panga la mumewe

Admin, jina langu lifiche, na mtaa pia usiutaje, maana hapa Bunda tunajuana. Mimi ni mjane wa miaka 38, fundi cherehani, nina watoto wawili. Ninayoandika yametokea mwaka huu na bado hayajaisha.

Baba yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Butiama. Alipofariki aliacha sanduku la vitabu vya hadithi, na kaka zangu wakasema wapewe wauza maandazi wafungie. Nikakataa, nikalibeba mpaka kwangu. Nikamwambia mdogo wangu, hapa nitamwita Nyangeta, "Njoo Jumamosi mchana tuvisome, tuwaite na majirani." Tukawa wanawake watano barazani kwangu. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine tunachambua dagaa au tunashona vifungo huku tunabishana kuhusu hadithi.

Nyangeta aliishia darasa la saba, akaolewa mapema. Mwanzoni alikuwaga anafuata neno kwa kidole, anaona haya. Lakini alivyozoea, jamani! Akisoma maneno ya bibi, sauti inakuwa ya bibi. Akisoma ya mlevi, tunashika mbavu. Sikuwa nimemsikia mdogo wangu akicheka hivyo tangu aolewe.

Mumewe anachukua dagaa Mwigobero, Musoma, anauza Kiabakari na hapa Bunda. Ni mtu wa mkono mwepesi. Akishampigaga, wazee wanakaa, anaomba msamaha, maisha yanaendelea. Kusoma kwetu alikuwa anakucheka tu. "Kitabu ndiyo kitakupikia ugali?" Mpaka siku alipomwambia Nyangeta kwamba binti yao mkubwa aache shule akakae kwa shangazi yake. Nyangeta akamjibu, "Nimekusikia baba watoto, lakini sikubali." Alikuwa hajawahi kumjibu hivyo.

Alimpiga kwa mkanda, upande wa chuma. Halafu akachukua kitabu tulichokuwa tunasoma, akachana kurasa, akamsokomeza mdomoni, anamwambia, "Tafuna! Si ndiyo chakula chenu? Meza!" Watoto wanaangalia. Asubuhi akaja kwangu midomo imepasuka, jino la mbele halipo. Nikamwambia, "Kwako hurudi." Akakaa kwangu na watoto wake wanne.

Jumamosi iliyofuata tukakutana kama kawaida. Nyangeta hakuweza kusoma kwa ule mdomo, akawa anasoma jirani yangu, nitamwita Mama Bhoke. Chai ilikuwa inachemka jikoni hapo pembeni. Tukasikia geti linapigwa teke. Ni shemeji, ameshika panga.

"Mwenyekiti wa hiki chama ni nani?"

Nikasimama. Nikasema, "Shemeji, hakuna mwenyekiti hapa. Weka hilo panga, tuongee."

"Wewe mjane ndiyo unamfundisha mke wangu kunijibu?"

Akalinyanyua, akanijia mimi. Ndugu zangu, lile panga lilikuwa la kichwa changu. Nyangeta ndiye aliyejirusha katikati, akakinga kwa mkono wa kushoto. Nilisikia mfupa. Vidole viwili vilianguka kwenye mkeka, vikabaki pale kama si vya mtu. Alivyonyanyua mara ya pili, Mama Bhoke akammwagia sufuria zima la chai ya moto usoni. Panga likadondoka. Mimi nikashika mchi wa kinu.

Sitaficha kitu hapa. Nilimpiga goti, akaanguka. Nikampiga bega. Alikuwa ameshalala chini, anasema "Shemeji, nisamehe," na mimi naendelea kupiga. Nilitaka afe. Wanaume wa jirani ndio waliokuja kuninyang'anya ule mchi, mmoja nikamng'ata. Nyangeta alikuwa ameegemea ukuta, nguo yote damu, anapiga kelele. Nilidhani analilia mkono. Kumbe alikuwa anasema, "Dada, usimuue baba watoto."

Hospitali hawakuweza kuvirudisha vile vidole. Mwanamume alipopata nafuu akapelekwa mahabusu, anachechemea. Kesi imeshafika mahakamani, na mimi ni shahidi.

Sasa juzi Nyangeta, ambaye tangu atoke hospitali anakaa kwa mama yetu, amekuja naye kwangu. Akakaa, akaweka ule mkono uliofungwa bandeji mapajani, akasema, "Dada, naomba useme mimi na baba watoto tulikuwa tunagombania panga, likateleza, likanikata kwa bahati mbaya."

Nikamwambia, "Nyangeta, alikuja kuniua mimi."

"Najua. Ndiyo maana nilikinga. Mimi nimetoa vidole kwa ajili yako, wewe huwezi kutoa neno moja kwa ajili ya watoto wangu?"

Mama akadakia, "Mwanangu, akifungwa watoto wanne atalisha nani? Ukoo wao umekubali kuleta ng'ombe, tukae tuyamalize. Na wewe ulimvunja mtu goti, unadhani hawatalisema hilo?"

Nilipomuuliza Nyangeta kama kweli atarudi kwa yule mtu, aliangalia chini. Akasema, "Sasa hivi hawezi kunikimbiza." Sijui alikuwa anatania. Hakucheka.

Mama Bhoke ameniapia kwamba yeye atasema alichokiona, hata nikibaki peke yangu upande wa uongo. Wale wawili wengine waume zao wamewakataza kukanyaga kwangu. Binti mkubwa wa Nyangeta bado analala chumbani kwangu, ameniambia, "Mama mkubwa, baba akitoka mimi natoroka."

Nikisema ukweli nampoteza mdogo wangu, ambaye bila yeye nisingekuwa hai. Nikidanganya namfungulia mlango mtu mwenye panga, arudi kwa yule binti. Wiki ijayo naitwa kizimbani. Ninyi mnaonisoma, hasa mliowahi kusimama mbele ya hakimu dhidi ya mtu wa nyumbani kwenu: ungekuwa wewe, ungesema nini? Msinitukane, nimechoka. Niambieni tu.