Buni Mbichi Kwenye Debe la Wanjiru

Mwaka wa 1969, nikiwa na miaka tisa, baba alikufa, nikaacha shule nikaenda kuchuma kahawa. Mpaka leo nikisikia harufu ya maganda ya kahawa yakioza, mgongo unajikunja wenyewe.

Shamba lilikuwa la mtu mkubwa, upande wa Kiriaini. Tulichuma pamoja na mama zetu, kila mtoto na debe lake. Jioni, kabla ya kumwaga kahawa kwenye gunia, nyapara alipita akitafuta buni mbichi kwenye madebe. Akizipata, hakupiga yeye. Alimpa fimbo mtoto wa mstari wa jirani. “Mpige mwenzako. Ukimhurumia, zamu ni yako.” Mama zetu walitazama chini, maana anayesema anafukuzwa.

Siku moja njaa ilinikimbiza mikono, nikachuma mbichi nyingi. Nyapara alipokaribia, nikazitumbukiza kwenye debe la Wanjiru, msichana wa jirani yetu aliyechuma mstari wa pili.

“Wanjiru! Unaniharibia kahawa?”

“Si zangu, haki ya Mungu!”

Akanipa fimbo. Nikampiga mgongoni, polepole.

“Nguvu! Kwani wewe ni msichana?”

Nikafumba macho, nikapiga kama ninaua nyoka. Wanjiru akageuka kunitazama. Fimbo ikampata jichoni. Damu ikamwagikia kahawa nyekundu, nyapara akasema kahawa ioshwe. Jicho hilo halikuona tena.

Sasa mjukuu wangu Muthoni na wenzake, vijana wa fulana nyeupe, wanazunguka masoko kutoka Endarasha mpaka Kutus wakidai haki za watoto. Ati wako na wenzao nchi nyingi wanaosema maneno hayo hayo. Juzi akaniambia, “Guka, njoo ueleze vile ulichapwa.” Kwa sababu miaka yote nimejisifu nyumbani kwamba fimbo ndiyo iliyonifanya mwanamume.

Nikasimama sokoni. Wanjiru alikuwa amekaa mbele, kitambaa kichwani.

“Siku ninayoikumbuka sikuchapwa,” nikasema. “Nilichapa. Na zile buni mbichi zilikuwa zangu.”

Muthoni akashusha bango lake. Wanjiru akacheka kidogo.

“Nilijua, mwizi wewe. Mkono wako niliuona. Wakati huo nilikuwa na macho mawili.”

Leo nina ekari tatu za kahawa, na hakuna mtoto anayeingia humo na debe. Nina ng'ombe wawili wa maziwa, nyumba ya mawe, mashine ya kusaga mahindi. Sikupewa na mtu. Macho pia ninayo, yote mawili.