Mashavu ya Mtanashati

Mtaani walimwita Mtanashati, na jina lilimkaa vizuri kuliko hata suti zake. Alikuwa fundi wa nguo, mtu wa kukupima mabega kwa jicho kabla hajagusa tepu. Baridi yabisi ilipomkamata vidole, daktari alimwanzishia vidonge vya kumeza miaka na miaka, na vidonge vikafanya kazi: sindano ikarudi mkononi. Ila vilikuja na wageni wao. Njaa ya kumaliza sahani yake na kuichungulia ya mkewe. Usingizi wa mang'amung'amu. Hasira za kugombana na pasi. Na mashavu. Yalimjaa mpaka macho yakabaki yanachungulia tu.

Watu nao hawakumsaidia. Shemeji yake alimwambia amenawiri. Wateja wakampongeza kwa kukubaliwa na maisha. Akazipokea pongezi zote, mwongo mkubwa, kisha akirudi nyumbani anafumua suti zake na kuzitanua, akimwambia mkewe kwamba vitambaa vya siku hizi vinarudi vikifuliwa. Mkewe ndiye aliyempikia bila chumvi kwa ajili ya presha na kumfunga vifungo asubuhi zile mbaya. Alikuwa na kila haki ya kucheka, na hakucheka.

Harusi ya binti yao ilipokaribia, Mtanashati alijiapiza mambo mawili: gauni atalishona mwenyewe, na kwenye picha atatokea na sura yake ya zamani. Daktari alishamkanya kinagaubaga kwamba vidonge vile mtu haviachi wala havipunguzi kwa akili yake, maana mwili umeshavizoea na ukinyimwa utazimika. Mtanashati alisikia, lakini alisikia kifundi. Kwake yeye kilichozidi hupunguzwa. Akachukua wembe wa kufumulia nyuzi, akavikata vidonge nusu, kisha robo, mwisho akawa analamba unga tu na kukimbilia kioo. Mashavu hayakutikisika. Vidole ndivyo vilivyogoma.

Gauni lilikuwa limebakiza lesi ya shingoni, kazi ya mkono mtupu, ile aliyoiweka mwisho kwa sababu ndiyo ya kujionyeshea. Asubuhi aliyoianza, sindano ilimponyoka. Alipoinama kuiokota dunia ikamzunguka, akajikuta amekaa sakafuni, jasho likimtiririka. Mkewe alimkuta hapo hapo, akauona wembe na vipande vya vidonge kwenye kisahani cha pini. Alishuka chini akakaa naye.

"Mume wangu, siku ile watu wanakuja kumtazama mwanao," alisema. "Wewe nani kakwambia utatazamwa?"

Hospitali walimrudishia dozi kamili pamoja na maneno makali ambayo hayakuandikwa kwenye cheti. Vidole vitalainika tena, walisema, lakini harusi haitavisubiri. Ikabidi mke avuke barabara na gauni mkononi, kwa fundi wa upande wa pili, yule ambaye Mtanashati miaka yote alimwita mshona magunia. Fundi yule akaitia lesi, akalirudisha gauni likiwa limekunjwa vizuri, akamwombea mgonjwa nafuu. Hapo ndipo Mtanashati alipoumia hasa. Angesimangwa, angalau angepata la kujibu.

Siku ya harusi alikaa mbele, amejaa ndani ya suti aliyoitanua hadi kitambaa kikaisha. Hakuna aliyeyasema mashavu. Wageni walilisifu gauni, na kila aliyelisifu alianzia shingoni. Hatimaye binti akamwinamia sikioni, machozi yakimlengalenga.

"Baba, kote umepatia. Lakini hii lesi, hujawahi kushona kitu kizuri hivi."

Roho ilimuuma. Alijua lingemtosha neno moja tu kusema ukweli, na fundi wa upande wa pili alikuwa mle mle ukumbini, amealikwa na mama wa bibi harusi, anakula kimya kimya. Mke wa Mtanashati akaacha kutafuna, akageuka amsikie atajibu nini.

"Asante, mwanangu," akasema, na akainua shingo apigwe picha.