Mpaka Unaopita Jikoni kwa Hester

Hester Wragg alikuwa na ulimi usiojua kuficha jambo, na ulimi huo ulikwisha kumfukuzia wanunuzi wawili wa nyumba yake. Kila walipomaliza kusifu mawaridi na boriti za dari, yeye aliwapasulia ukweli: mpaka wa parokia unakatiza jikoni. Jumapili moja ya Mei, kila mwaka, kijiji kizima huufuata mpaka huo kwa miguu, kikiupigapiga kwa fimbo, mila ya kale ya kuukumbuka usisahaulike. Wala hawaizunguki nyumba. Wanaingia kwa dirisha la jikoni, wanatokea mlango wa mbele.

"Safari hii nyamaza, mama, nakuomba," alisihi Rupert, dalali wake. "Wakishasaini, waambie unachotaka."

Hester alikubali shingo upande. Magoti yake hayakutaka tena ngazi, na nyumba ndogo isiyo na ghorofa, jirani na dada yake Enid, ilikuwa ikimngoja. Asipouza mwezi huo, ingechukuliwa na mwingine.

Rupert, mtu wa mjini asiyejua mambo ya kijiji, akapanga kuwaleta wanunuzi wapya, akina Garside, Jumapili ile ile ya mpaka. Hester hakuhangaika sana. Wageni wangekuja asubuhi, na msafara hufika alasiri. Lakini Bwana na Bibi Garside walianzia kwenye baa ya kijiji, wakakuta nyama ya ng'ombe ya kuoka na viazi vyake, na nani aiache? Walifika alasiri, wameshiba ndi.

Rupert alikuwa jikoni akiusifu utulivu wa mahali hapo fimbo zilipoanza kugonga ukuta. Dirisha likafunguka. Akaingia Kasisi Audrey na joho lake kwapani, akawasalimu wote kwa furaha, nyuma yake watu na mbwa. Rupert uso ulimshuka. Halafu Cecil, mfuga kondoo, akakwama kiunoni.

"Hester, umelipunguza hili dirisha!"

"Dirisha ni lile lile, Cecil. Kilichoongezeka ni wewe."

"Acha maneno yako, nivuteni!"

Aliyemvuta ni Bwana Garside, wakaanguka wote wawili sakafuni. Hester hakuweza kujizuia tena.

"Siwadanganyi, wanangu. Ni kila mwaka. Mkiinunua nyumba, mmewanunua na hawa."

Bibi Garside alikuwa anafuta machozi, Hester akajua ameharibu tena. Kumbe yalikuwa ya kicheko.

"Huko mjini," alisema mama yule, "tangu tuoane hakuna jirani aliyewahi hata kutugongea mlango."

Mumewe, angali sakafuni, aliuliza fimbo zinapatikana wapi. Kasisi akampa yake, na Bwana Garside akaondoka na msafara. Mkewe aligeuka mlangoni.

"Tunaichukua, mama. Ila mwakani uje ukae hapa dirishani. Mimi nitajuaje nani mgeni na nani mwizi?"

Hester alikaa kwenye kiti, machozi yakamtoka. Miezi yote hiyo ya kutafuta mnunuzi, alichokiogopa hakikuwa kuhama. Aliogopa kwamba mwakani watapita hapo, na yeye hayupo.

"Mwizi ni Cecil," alisema akijifuta. "Ukimwona, ficha keki."