Kopo la Mahindi na Kopo la Uji

Leo mjukuu wangu kakamatwa akilamba unga wa lishe, mama yake akashika fimbo.

Nikamnyang'anya ile fimbo.

Huyo mama yake, binti yangu Neema, alifanya hivyo hivyo akiwa mdogo, miaka ya tisini, tukiwa kijijini Litapunga. Sijawahi kumwambia mpaka leo.

Nilikuwa nimemnunulia kitabu cha picha Mpanda mjini, atulie wakati napika uji. Kugeuka, kitabu kipo, mtoto hayupo.

Nikamkuta kwenye magunia ya mahindi. Mdomo mweupe. Kopo la dawa ya wadudu liko wazi mapajani.

(Nyie mliolima mnajua. Dawa ile ya unga tulikuwa tunaitunza kwenye makopo ya maziwa, na unga wa lishe vile vile.)

Nikapiga yowe.

Baba yake akaja mbio, akamnusa mdomo.

"Mama Neema, hizi ni karanga. Huu ni unga wa lishe. Nilipokuja kutia dawa mahindi nilichukua kopo silo."

Nikamkumbatia mtoto, nikacheka jamani, nikacheka.

Mume wangu hakucheka. Akaniuliza polepole, "Sasa uji umepika kwa unga wa kopo lipi?"

Kikombe cha Neema kilikuwa mezani, kinapoa. Sukari nilishatia.

Leo Neema kanisikiliza mpaka mwisho. Kaenda kumchotea mwanae kijiko kizima cha unga.

Wenzangu, makopo yenu mmeyaandika?