Bizari Ndani ya Rejeta

Sisi tuliokulia Ifakara wakati mto ukivukwa kwa pantoni hatukujua kitu kinachoitwa kulanti. Rejeta ilikunywa maji yale yale ya kisimani tuliyokunywa sisi, na kila gari lilikuwa na dumu lake nyuma ya kiti, kama mtoto wa shule na kidumu chake cha kumwagilia bustani. Vijana wa leo, taa nyekundu ikiwaka kwenye dashibodi, wanaipiga picha, wanaituma kwenye grupu, kisha wanasubiri ushauri wa mtu aliyeko Dubai. Kwetu taa ilikuwa pua ya baba. Akinusa tu, anasimamisha gari: "Imechemsha."

Pikapu ya baba ilibeba mpunga kutoka Idete wakati wa mavuno. Asubuhi ya harusi ya dada Filomena ilitakiwa kumbeba yeye. Alikuwa anaolewa Lupiro, ng'ambo ya mto, na padri wa kule alishatamka wazi: misa ni saa nne, ikiisha anaenda kusalisha vigangoni, hamsubiri bibi harusi wa mtu. Kwa hiyo tulipokuta dimbwi la maji chini ya pikapu, nyumba nzima ilitoka kulitazama. Hata kuku.

Kutafuta panapovuja, wenzangu, ni kazi ya utulivu, na hata wewe unaiweza. Injini ikiwa na moto huigusi hata kidogo ile kofia ya rejeta. Maji yataruka yakubabue uso. Baba alikuwa na msemo: "Injini ya moto ni kama mkwe aliyekasirika. Mwache apoe, ndipo umfungue mdomo." Ikishapoa unakausha kila mahali kwa tambara, unajaza maji, unawasha, unatazama tone la kwanza linatokea wapi. Basi.

Shida ni kwamba kaka zangu waliiosha pikapu kwa heshima ya harusi, na kwa bidii zao wakaosha mpaka injini. Kila kitu kilidondosha maji. Ungedhani gari lenyewe linamlilia dada. Kila tambara likipita, tone jingine linachungulia.

Majirani nao walishajaa, kila mmoja na dawa yake. Huyu alitaka sabuni ya mche, yule ute wa yai. Ndipo Mzee Kasiani, jirani yetu aliyewahi kuendesha malori, alipopita na baiskeli yake na kupiga kelele bila kushuka: "Baba Filomena! Tia bizari! Inaziba yenyewe!" Akatokomea.

Sasa, kwetu neno bizari lina watoto wengi. Unga wa manjano ni bizari, na viungo vya pilau vilivyosagwa pamoja navyo ni bizari. Mzee Kasiani alimaanisha manjano. Baba, ambaye jiko alilijua kwa harufu tu, aliingia mwenyewe, akachukua kopo la kwanza lililonukia, akalimimina lote kwenye rejeta. Akawasha.

Muda si mrefu mtaa mzima ulinukia sikukuu. Shangazi Skola, dada yake baba na mpishi mkuu wa harusi, akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Kaka, bizari yangu ya pilau iko wapi?"

"Ipo kazini."

"Kazini wapi?"

Baba akaelekeza kidole kwenye rejeta.

"Yesu na Maria! Umeliunga gari?"

"Sijaliunga, Skola. Naliziba."

Dada Filomena akatokea mlangoni, shela kichwani, kandambili miguuni, machozi yanamlenga. "Baba, nikiikosa misa je?"

"Utaolewa na rejeta," shangazi akamjibu. "Mahari imeshaila."

Mama ndiye aliyeinama akatazama. "Na ule mchuzi unaoshuka pale ni wa nini?"

Kweli bwana! Bizari haikuziba kitu, lakini ilichora. Katikati ya maji yote yale meupe, mchirizi mmoja wa kahawia ulitoka kwenye mpira wa chini wa rejeta, pale unapobanwa na klipu. Mpira ulikuwa umepasuka nchani.

Baba akazima. Tukasubiri ipoe, na hakuna kungoja kurefu kama huko. Kisha akamwaga maji, akalegeza klipu, akakata ile ncha iliyopasuka kwa kisu cha shangazi (bila kuomba), akausukuma mpira mzima mahali pake, akakaza, na juu yake akazungusha ukanda wa tyubu ya baiskeli. Akajaza maji safi, akawasha. Pakavu.

Tukapanda. Kwenye pantoni, mama mmoja muuza samaki alivuta pumzi akauliza, "Harusi hii mnapika njiani?" Padri tulimkuta mlangoni mwa kanisa, kavaa tayari, anatazama saa. Upepo ukampelekea harufu ya pikapu. "Ingieni haraka," akasema. "Naona karamu imetangulia."

Dada aliolewa. Mchana wageni wakapakuliwa wali mweupe, na shangazi akapita mezani akitangaza: "Pilau mtainusa kwenye gari, kisha mje mle huku."

Siku hizi kuna daraja, unavuka hata chai haijapoa. Juzi gari langu lilivuja hapa nyumbani. Nikaliacha lipoe, nikakausha, nikaliona tone, nikabadilisha mpira, nikajaza kulanti ya kijani. Binti yangu aliuliza kutoka dirishani, "Baba, imezingua? Si umwite fundi?" akarudi kwenye simu yake. Jirani akapita na pikipiki, akapunga mkono. Nilimaliza upesi kuliko baba, na sikuharibu chakula cha mtu. Lakini nilisimama pale kidogo zaidi, boneti iko wazi, nikisikiliza kama kuna yeyote anayekuja kunipa ushauri mbaya.