Namba Kumi na Saba

Mama mkubwa ana kazi ambayo watu wa mtaani huiulizia mara mbili. Hufuatilia ndege wadogo waimbao, wanaotoka nchi za baridi na kukaa kwetu miezi michache. Huwanasa kwa wavu kwenye matete nyuma ya nyumba, huwafunga mgongoni kiredio kidogo kama punje ya mchele, kisha huwaachia. Kila asubuhi huzunguka na antena, mashine ikilia ti, ti, ti, na daftarini huandika hai au amekufa. Sauti ikihama, ndege yu hai. Ikikaa palepale siku tatu, amekufa.

Mwaka huu alifunga ishirini, akabaki namba kumi na saba tu. Ofisi inayomlipa ilishamwambia: asipobaki hata mmoja, kituo kinafungwa.

Kumi na saba alihama. Kwanza kwenye matete, kisha mtaroni, kisha nyuma ya choo. Mama mkubwa akaandika hai, hai, hai. Mimi niliona kitu nikanyamaza: kila siku antena ilielekea chini.

Jirani yetu seremala akamtania. "Shemeji, ndege wako kachoka kuruka? Siku hizi anatembea kwa miguu?"

"Mradi anatembea. Wewe randa mbao zako."

Siku ya tisa mashine ililia ndani ya nyumba. Tuliifuata sauti sebuleni, ukumbini, hadi chumbani kwa bibi, ambaye hajainuka kitandani tangu mwaka jana. Pale ikalia kwa nguvu kuliko siku zote.

"Mnatafuta nini?" bibi akauliza.

"Ndege, mama."

"Ndege? Huyo anayejiburuta chini ya kitanda changu tangu juzi ni ndege?"

Mama mkubwa aliinua shuka, akachungulia. Akaishusha polepole.

"Mbebe bibi," aliniambia kwa sauti ndogo. "Usikanyage upande huu."

Seremala alikuja na fimbo na gunia, na safari hii hakutania. Nyoka alikuwa amejikunja juu ya viatu vya marehemu babu, na antena ilielekea tumboni mwake.

Baadaye mama mkubwa alikaa kizingitini, akafuta hai moja baada ya nyingine, zote nane.

"Ungeacha tu, shemeji. Nani angejua?"

"Nilijua tangu mtaroni," alisema, bila kumtazama bibi, niliyemlaza mkekani ukumbini.

Uani, ndani ya gunia, kumi na saba alikuwa bado anaita. Ti, ti, ti. Hakuna aliyenyoosha mkono kuizima mashine.